Wabunge wa Kanda Wasiombe Ruhusa ya Kusema Kweli

Machi 2002 wananchi wa Zimbabwe walipanga foleni kumchagua rais, na misafara miwili ya waangalizi ilikuwa nchini humo kwa jina la Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC. Mmoja ulitumwa na mawaziri wa serikali za kanda, mwingine ulitumwa na mabunge. Mawaziri waliupitisha uchaguzi ule. Wabunge waliukataa. Ujumbe wa Jukwaa la Kibunge la SADC ulitamka kwamba mchakato haukutimiza ipasavyo kanuni na viwango vya uchaguzi vya kanda, kanuni ambazo Jukwaa lenyewe lilizipitisha mwaka mmoja tu nyuma, Machi 2001.

Wabunge hao hawakusoma habari magazetini wakiwa hotelini. Walizunguka mikoani. Tarehe 24 Februari, kilomita chache kutoka mji wa Chinhoyi, baadhi yao walishambuliwa katika hujuma iliyopangwa, na jambo hilo wakaliandika katika taarifa yao. Waliona vituo vya kura vikipunguzwa mijini, ambako upinzani ulikuwa na nguvu, na foleni zikirefuka mpaka watu wakaondoka bila kupiga kura. Waliona polisi wakiegemea upande mmoja. Waliyoyaona ndiyo waliyoyaandika, na waliandika wakijua kwamba serikali za nchi zao zilikuwa tayari zimeelekea upande mwingine. Ujumbe wa serikali ya Afrika Kusini uliuita uchaguzi huo halali, ukakwepa maneno huru na wa haki.

Gazeti hili linaitaja taarifa ile leo kwa sababu tangu hapo Jukwaa halijapewa tena nafasi ya kusimama kwa miguu yake kama lilivyosimama siku zile. Agosti 2004, huko Grand Baie, Mauritius, wakuu wa nchi walipitisha Kanuni na Miongozo ya SADC kuhusu chaguzi za kidemokrasia. Zilikuwa laini kuliko zile za wabunge, na ziliweka sharti moja ambalo ndilo kiini cha ugonjwa wote: waangalizi wa SADC wataenda pale tu nchi inayofanya uchaguzi itakapoamua kuwaalika. Machi 2005 Zimbabwe ilipofanya uchaguzi wa wabunge, Jukwaa halikualikwa kwa jina lake. Mtu aliyekusudiwa kukaguliwa ndiye aliyepewa kalamu ya kuchagua mkaguzi. Mabunge ya kanda yalinung'unika, kisha yakanyamaza.

Windhoek, mji yalipo makao ya Jukwaa, ulishuhudia jambo lilelile likitendwa kwa chombo kingine. Novemba 2008 Mahakama ya SADC, iliyokuwa na makao hapohapo, iliamua kesi ya Campbell dhidi ya serikali ya Zimbabwe, na serikali hiyo ikashindwa. Serikali ilikataa kutii. Wakuu wa nchi wangeweza kuishurutisha. Badala yake, Agosti 2010 waliisimamisha mahakama, na Agosti 2012, mjini Maputo, wakaamua kwamba itakayofufuliwa itasikiliza mashauri baina ya nchi na nchi tu. Mwananchi wa kawaida akafungiwa mlango. Afrika Mashariki nako, Mahakama ya Jumuiya mjini Arusha ilipozuia wabunge tisa wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, Novemba 2006, kwa hoja kwamba Bunge la Kenya halikuwachagua kama Mkataba unavyotaka, haukupita mwezi kabla marais hawajaurekebisha Mkataba na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Chombo cha kanda kikiuma, hung'olewa meno. Mahakama zimepitia hayo, na mabunge vilevile.

Bunge la Afrika ni ushahidi mzito zaidi. Lilianza kazi Machi 2004 mjini Addis Ababa, likamchagua Mtanzania, Mama Gertrude Mongella, kuwa rais wake wa kwanza, kisha likahamia Midrand, Afrika Kusini. Mwaka 2008, wakati Zimbabwe ilipokwenda duru ya pili baada ya matokeo ya kura za Machi kuzuiwa mpaka Mei, ujumbe wa Bunge la Afrika ukiongozwa na Marwick Khumalo, mbunge wa Swaziland ya wakati huo, ulikaa nchini ukaona vurugu na vitisho. Morgan Tsvangirai, aliyeongoza duru ya kwanza, alijitoa tarehe 22 Juni ili watu wake wasizidi kuuawa. Kura zikapigwa tarehe 27 zikiwa na mgombea mmoja aliyebaki uwanjani. Ujumbe wa Khumalo ulitamka bila kuficha kwamba hali ya nchi haikuruhusu uchaguzi huru, wa haki na wa kuaminika. Safari hii hata waangalizi wa SADC yenyewe walisema kura zile hazikuakisi matakwa ya wananchi.

Mgombea huyo, Rais Robert Mugabe, aliapishwa tarehe 29 Juni, akapanda ndege kwenda Sharm el-Sheikh, na kesho yake aliketi na marais wenzake katika mkutano wa Umoja wa Afrika. Azimio la mkutano lilihimiza mazungumzo na serikali ya umoja. Ripoti ya wabunge wa bara zima ilikuwapo mezani, na walioiweka pembeni walikuwa wale ambao ripoti za namna hiyo zingeweza kuwafikia siku moja. Baadaye waangalizi wa Bunge la Afrika walikunjwa ndani ya msafara mmoja unaoendeshwa na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Sauti ya pili ikamezwa na ya kwanza.

Hukumu yetu ya kwanza ni juu ya marais na mawaziri wao. Walitia saini mikataba inayotaja demokrasia, utawala bora na haki za binadamu, kisha kila mara chombo kilichoundwa na mikataba hiyo kilipojaribu kuisoma kwa sauti, walikipunguzia mamlaka. Hilo ni kosa la makusudi, na limerudiwa mara nyingi mno kwa mtu yeyote kudai kwamba ni bahati mbaya.

Hukumu ya pili ni juu ya wabunge wenyewe, nayo ni kali zaidi kwa sababu wao walikuwa na njia. Bajeti za serikali hupita mikononi mwao, na mikataba ya kikanda huridhiwa kwa kura zao. Ada ya Jukwaa la SADC hulipwa na mabunge ya nchi wanachama. Wangeweza kugoma kuridhia, kutuma msafara wao kwa fedha zao na kusimama nje ya mpaka na kuueleza ulimwengu kwamba wamenyimwa kuingia. Walichofanya ni kukubali. Agosti 2021, mjini Lilongwe, wakuu wa SADC walipokubali Jukwaa ligeuzwe kuwa Bunge la SADC, walikubali kwa sharti kwamba litakuwa chombo cha kujadili na kushauri, bila mamlaka ya kutunga sheria, na wabunge walishangilia. Itifaki ya Malabo ya Juni 2014, inayotaka kulipa Bunge la Afrika angalau meno machache ya maziwa, inahitaji kuridhiwa na nchi 28. Zaidi ya miaka kumi imepita. Na pale Midrand, mwaka 2021, wabunge walitumia nguvu zao kusukumana na kurushiana ngumi juu ya zamu ya urais wa Bunge, mbele ya kamera, mpaka kikao kikavunjika. Bara lenye vita na mapinduzi liliwatazama wawakilishi wake wakipigania kiti.

Tunajua jibu litakalotolewa: uchaguzi ni jambo la ndani la nchi, na jirani mwema haingilii. Jibu hilo lisitoke katika kinywa cha kiongozi yeyote wa kanda hii. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza ilishindwa kumwondoa Ian Smith, aliyewanyima Waafrika walio wengi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, haki ya kura. Uingereza ikazuia mkopo wa pauni milioni 7.5, na Tanzania, nchi yenye umri wa uhuru wa miaka minne, ikaukosa. Machi 1976 Msumbiji, iliyokuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, ilifunga mpaka wake na Rhodesia na kupoteza mapato ya reli na bandari za Beira na Maputo. Wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Mugabe, walipewa kambi Mgagao, mkoani Iringa, wakalala na kula kwenye ardhi yetu. SADC yenyewe imezaliwa na Nchi za Mstari wa Mbele. Kura ya mkulima wa Chinhoyi ilikuwa jambo letu alipokuwa akinyimwa na Smith. Hakuna mkutano wowote ulioamua kwamba iliacha kuwa jambo letu aliponyimwa na mtu aliyekula nasi Mgagao.

Udugu wa vyama vya ukombozi ni kitu cha heshima, na gazeti hili linauheshimu. Lakini udugu ule ulikuwa wa watu na watu kabla ya kuwa wa chama na chama. Waliochangia damu na nguo na chakula katika Kamati ya Ukombozi ya Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, hawakuchangia ili chama kimoja kitawale milele. Walichangia ili mtu apige kura na kura yake ihesabiwe.

Jibu la pili husema kwamba wabunge wanaokosoa majirani ni vibaraka wa nchi za Magharibi. Zimbabwe ililitumia dhidi ya Jukwaa, ikitaja fedha za wafadhili, na kwa bahati mbaya fedha hizo hazikuwa hadithi. Miradi mingi ya Jukwaa imeendeshwa kwa misaada, Sweden ikiwa miongoni mwa watoaji. Baraza la Wawakilishi la Marekani limekuwa na kamisheni ya kushirikiana na mabunge ya nchi nyingine tangu mwaka 2005, na Bunge la Kenya ni mmoja wa washirika wake. Hatuoni aibu katika kujifunza namna ya kuchambua bajeti au kuendesha kamati. Aibu ipo katika kuuacha ulinzi wa kura yetu uendeshwe kwa hundi ya mtu mwingine. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Mashirika mengi yaliyokuwa yakihesabu kura sambamba na tume na kuwafundisha mawakala wa vyama yalijikuta bila mshahara wa mwezi unaofuata. Mabunge ya kanda hayana tena kisingizio cha kungoja. Gharama ya kuwaweka wabunge hamsini katika nchi jirani kwa mwezi mmoja iko ndani ya uwezo wa mabunge yanayowanunulia wajumbe wake magari.

Wala tusidanganyike kwamba Ulaya imetakaswa. Januari 2013 Baraza la Wabunge wa Baraza la Ulaya, kule Strasbourg, lilikataa ripoti kuhusu wafungwa wa kisiasa wa Azerbaijan kwa kura 125 dhidi ya 79. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba zawadi, safari na fedha za serikali ya Baku zilikuwa zimepita mikononi mwa baadhi ya wapigaji kura hao. Hilo ni doa kubwa, na waathirika wake walikuwa watu waliobaki jela. Lakini angalieni kilichofuata. Baraza liliunda tume huru ya uchunguzi, taarifa yake ikachapishwa Aprili 2018 kwa majina, na wabunge kadhaa wa zamani wakapigwa marufuku kukanyaga majengo yake. Januari 2024 Baraza hilohilo likakataa kuutambua ujumbe wa Azerbaijan. Bunge linaweza kununuliwa na bado likajisafisha, mradi kanuni zake zinaruhusu wajumbe wahojiwe na wageni wasiokula nao meza moja. Tunauliza ni kanuni ipi ya Midrand, ya Windhoek au ya Arusha inayoruhusu jambo kama hilo lifanyike.

Lipo jambo ambalo gazeti hili linaliona zito kuliko chaguzi zenyewe, na linasahaulika kila mara mabunge yanapokutana kupongezana. Mabunge hayawezi kulinda demokrasia ya jirani ikiwa hayawezi kumlinda mbunge wa jirani. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi mchana kweupe mjini Dodoma, akirejea nyumbani kutoka kikao cha Bunge. Wiki tatu baadaye, tarehe 27 Septemba, watu wa usalama waliingia katika ukumbi wa Bunge la Uganda wakati wa mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, wakawapiga wabunge na kuwakokota nje. Agosti 2018, kule Arua, wabunge Robert Kyagulanyi na Francis Zaake walikamatwa na kuumizwa vibaya. Tarehe 13 Julai 2016 Hafsa Mossi, mbunge wa Burundi katika Bunge la Afrika Mashariki na waziri wa zamani, alipigwa risasi na kufa mjini Bujumbura. Mwaka uliotangulia, Burundi ilikuwa imetaka wabunge wake wanne waondolewe katika Bunge hilo kwa sababu hawakuafiki muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza. Bunge la Afrika Mashariki lilikataa kuwaondoa, na tunalipa sifa yake kwa hilo, kwa kuwa ni moja ya nyakati chache lilipokumbuka kwamba wajumbe wake ni wa wananchi.

Msiba wa mbunge wa jirani huletewa rambirambi na dakika moja ya kimya. Kinachotakiwa ni kesi. Umoja wa Mabunge Duniani, wenye makao Geneva, una Kamati ya Haki za Binadamu za Wabunge tangu mwaka 1976, na jalada la Lissu limefika huko. Kwa nini jalada la mbunge aliyepigwa risasi Dodoma lisafiri mpaka Geneva kabla ya kupita Arusha, umbali wa mwendo wa siku moja kwa basi? Juni 2019 Spika wa Bunge la Tanzania alitangaza kiti cha Lissu kuwa wazi kwa utoro, wakati dunia nzima ilijua kwamba alikuwa akitibiwa nje ya nchi. Chombo cha kanda chenye kamati ya namna ile ya Geneva kingekuwa na haki ya kumwuliza Spika maswali mbele ya Maspika wenzake, na aibu ya mbele ya wenzako ina nguvu kuliko barua ya balozi.

Tunajua vilevile kwa nini hilo halijatokea. Mbunge anayeogopa kumwuliza waziri wa nchi yake hatamwuliza rais wa nchi nyingine. Januari 2016 serikali ya Tanzania ilisitisha matangazo ya moja kwa moja ya Bunge katika televisheni ya taifa, wananchi wakaanza kuonyeshwa vipande vilivyochaguliwa na wengine, na Bunge likabaki likiendelea na ratiba yake. Oktoba 2023 mtu mmoja aliyejitangaza katibu mkuu wa chama kikuu cha upinzani Zimbabwe aliandika barua, na Spika akatangaza viti vya wabunge waliochaguliwa wiki chache tu nyuma kuwa vitupu. Haya yote ni mambo ya ndani, na haya yote huingia katika chumba cha mkutano wa kanda pamoja na mjumbe. Mtu huja Windhoek au Arusha na woga wake ukiwa ndani ya mkoba.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba wapinzani wawemo katika kila msafara, wakiwa na haki ya kuandika maoni yao tofauti ndani ya ripoti ileile. Mbunge wa chama tawala cha nchi moja akiketi gari moja kwa wiki tatu na mbunge wa upinzani wa nchi nyingine, wote wawili wakiona karatasi za kura zikitolewa kwenye sanduku kabla kituo hakijafunguliwa, si rahisi tena kwa yeyote kati yao kusema hakuona. Taarifa ya mwaka 2002 ilipata nguvu yake hapo. Iliandikwa na watu waliotoka pande zote za mabunge yao.

Na msidhani waangalizi wa serikali siku zote hufumba macho. Agosti 2023 msafara wa SADC nchini Zimbabwe, ukiongozwa na Nevers Mumba, makamu wa rais wa zamani wa Zambia, ulisema kwamba baadhi ya mambo katika uchaguzi hayakutimiza matakwa ya Katiba ya nchi hiyo, Sheria ya Uchaguzi na miongozo ya SADC. Kwa ujasiri huo Mumba alitukanwa hadharani na watu wa chama tawala. Novemba 2025 zamu ilikuwa ya Tanzania. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, uliofanyika intaneti ikiwa imezimwa, Lissu akiwa rumande kwa shtaka la uhaini na chama chake kikiwa nje ya kinyang'anyiro, msafara wa SADC chini ya Richard Msowoya, Spika wa zamani wa Bunge la Malawi, ulitamka kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao ya kidemokrasia. Waangalizi wa Umoja wa Afrika nao wakasema uchaguzi haukufikia misingi ya Umoja huo. Wakati huo damu ya vijana ilikuwa imemwagika mitaani, na familia zilikuwa zikizunguka hospitali kutafuta watu wao.

Mumba na Msowoya walifanya kazi yao. Ripoti zao ziliishia mahali palepale ripoti ya Khumalo ilipoishia, kwa sababu zinawasilishwa kwa wakuu wa nchi, na wakuu wa nchi hawahukumiani. Hapo ndipo kazi ya mabunge inapoanza. Ripoti ya msafara wowote wa kanda lazima iwasilishwe mezani katika kila bunge la nchi mwanachama, kwenye kamati ya mambo ya nje, ndani ya siku sitini baada ya kutolewa. Waziri wa mambo ya nje aitwe aeleze serikali yake ilipiga kura gani na ilisema nini katika mkutano wa kanda. Mbunge wa Lusaka aulize, wa Gaborone aulize, wa Lilongwe aulize, na majibu yaingie kwenye taarifa rasmi za Bunge, ambazo hakuna mkutano wa marais unaoweza kuzifuta. Mbunge hahitaji kubadilishiwa mkataba wowote ili afanye hivyo. Kanuni za kudumu za mabunge yao zinamruhusu leo: swali la msingi, hoja binafsi, azimio.

Bunge la Afrika Mashariki lina wajibu wa pekee. Makao yake yako Arusha, katika nchi ambayo taarifa ya Msowoya inaizungumzia. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Jumuiya kinataja demokrasia, utawala wa sheria na uwajibikaji kuwa misingi ambayo nchi zote nane zimeikubali, kuanzia Dar es Salaam mpaka Mogadishu na Kinshasa. Wajumbe wake hawateuliwi na marais. Wanachaguliwa na mabunge, tisa kwa kila nchi, na hawawi wajumbe wa mabunge hayo, kwa hiyo kiranja wa chama nyumbani hana amri ya moja kwa moja juu ya kura zao. Katika Afrika Mashariki nzima hakuna watunga sheria waliopewa uhuru mwingi kuliko huo kwa maandishi. Kama hawautumii, wasiilaumu bajeti, ingawa ni kweli kwamba serikali hucheleweshea Jumuiya michango yake na vikao vikaahirishwa. Azimio halihitaji fedha. Linahitaji mjumbe mmoja wa kulileta na mwingine wa kuliunga mkono.

Uchaguzi mkuu wa Kenya utafanyika Agosti 2027. Tunataka Bunge la Afrika Mashariki litangaze mapema, kwa azimio, kwamba litapeleka msafara wake lenyewe, wenye wapinzani ndani yake, utakaofika tangu uandikishaji wa wapiga kura na si wiki moja kabla ya kura. Liarifu Bunge la Kenya kuwa linakuja, bila kuiomba serikali ya Kenya ruhusa. Ripoti isomwe kwanza ukumbini Arusha, hadharani, kabla haijapelekwa kwa rais yeyote. Na wakati huohuo Maspika wa SADC, watakapokutana tena, waanze kikao kwa kuiweka mezani taarifa ya Tanzania ya Novemba 2025, Spika wa Tanzania akiwa ameketi humo na kutakiwa kujibu.